Mnoaji na Gurudumu la Ngozi

Fundi mmoja wa kukereza miti alikuwa na patasi kumi na mbili na mtu mmoja wa kuzinoa. Fundi aliitwa Semboja, na mnoaji aliitwa Mntambo. Karakana yao ilifunguliwa siku ya Jumatatu, tarehe 21 Aprili 1952, katika mji mdogo ulio chini ya milima, mahali ambapo gari la moshi lilisimama kwa dakika nane tu kisha likaendelea na safari yake. Walikereza matendegu ya vitanda, miguu ya meza, na nguzo ndogo za baraza na ngazi. Mti ulibanwa kwenye mashine kwa ncha mbili za chuma, ukazungushwa kwa mkanda wa injini, na mkerezaji akausogezea patasi taratibu mpaka ukapata shingo, kiuno na unyayo. Kazi hiyo ni kazi ya makali. Mtu mwenye nguvu aliyeshika patasi butu hushindwa na mtu dhaifu aliyeshika patasi kali, na ushahidi wake huonekana sakafuni. Patasi kali humenya mti, nayo sakafu hujaa maranda marefu yaliyojikunja kama utepe. Patasi butu hukwaruza mti, nayo sakafu hujaa vumbi.

Mntambo alikuwa mtoto wa mjomba wake Semboja. Kwa desturi ya kwao, mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba ni watani. Mtani ana ruhusa ambayo baba mzazi hana, wala kiongozi wa dini hana. Aweza kumwita tajiri mwizi mbele ya wageni wake. Aweza kuingia msibani akamkemea maiti kwa uvivu wa kulala mchana, na wafiwa wakatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Anayemkasirikia mtani hujiaibisha mwenyewe. Ruhusa hiyo ni kubwa mno, nayo ina sharti moja tu ambalo halikuandikwa popote: kila asemalo mtani ni la kuchekwa.

Magurudumu ya kunolea Mntambo aliyatengeneza kwa mikono yake. Hayakununuliwa, wala hapakuwa na duka la kuyauza. La kwanza alilikereza kwa mti wa mninga, unene wa vidole vinne, akaliacha tupu. La pili alilivisha ngozi nene aliyoikata kutoka katika mkanda wa mashine uliochakaa, akaibandika kwa gundi ya kwato, kisha akaipaka mafuta ya nyonyo yaliyochanganywa na unga laini wa tofali. Utaratibu wake haukubadilika. Kila patasi ilianza kwenye kinoo, lile jiwe la kunolea, kwa maji, mpaka chuma kikalika na ukingo mpya ukazaliwa. Kisha ikapita kwenye gurudumu la mninga, kuondoa makwaruzo ya jiwe. Mwisho ikaguswa kwenye gurudumu la ngozi, kwa muda wa pumzi tatu, wala si ya nne. Alihakikisha daima kwamba gurudumu linayakimbia makali na wala haliyakabili, kwa kuwa gurudumu likiyakabili makali, huinyakua patasi na kumrushia mnoaji mwenyewe.

“Ngozi ni laini,” aliwaambia wakerezaji wapya, “na kila kilicho laini hukumbatia. Ukiiachia patasi ikumbatiwe sana, ule ukingo hulambwa huku na huku mpaka ukawa mviringo. Hapo patasi yako itang’aa kuliko mwezi, lakini haitakata hata uji.”

Baada ya ngozi, aliiegemeza patasi juu ya ukucha wa dole gumba lake. Iliposhika, alimkabidhi mkerezaji wake. Ilipoteleza, aliirudisha kwenye kinoo. Miaka mitano ilipita hivyo, na wanawake wa mtaa wakawa wanafika kila jioni na makapu kuokota maranda ya kuwashia moto. Hapakuwa na jioni hata moja ambayo kapu lilirudi tupu.

Ila kinoo hula chuma. Hakuna njia ya kuyapata makali isipokuwa kwa kupunguza kitu, na kilichopunguzwa hakirudi. Patasi iliyokuja ikiwa na urefu wa shibiri mbili ilibaki shibiri moja baada ya miaka mitano, na mpya iliagizwa ng’ambo, ikakaa njiani miezi mitano. Semboja aliliona hilo na likamuuma. Alikuwa akipima patasi zake kwa vidole kama mtu apimaye urefu wa mshumaa, kisha akitazama kinoo kwa jicho baya.

Ndipo yakaja maonyesho ya kazi za mikono, siku ya Jumamosi, tarehe 10 Agosti 1957. Semboja alipeleka matendegu manne, na kwa kupamba meza akazipanga patasi zake kumi na mbili juu ya kitambaa chekundu. Mkaguzi wa maonyesho alipita haraka mbele ya matendegu. Mbele ya patasi alisimama. Akaiinua moja, akaigeuza juani, akajiona masharubu yake ndani ya chuma, akayanyoosha. Akawaita wenzake waje nao wajitazame. Semboja akapewa hati yenye mhuri, ikimtaja kuwa fundi mwenye vifaa vilivyotunzwa vizuri kuliko vyote wilayani. Aliitundika ukutani, juu ya mlango, mahali ambapo kila aingiaye angeiona kabla hajaona kazi yenyewe.

Tangu juma lile, Semboja akatoa amri mpya. Kinoo kikasukumwa chini ya benchi. Hakikuvunjwa, wala hakikufungiwa. Kilisukumwa tu kwa mguu. Gurudumu la mninga likageuzwa kuwa kigoda. Likabaki gurudumu la ngozi peke yake, na patasi zikawekwa juu yake kwa pumzi mia badala ya tatu. Kipimo nacho kikabadilika. Hakuna aliyeuliza tena habari za ukucha. Mkerezaji aliipokea patasi yake, akaisogeza usoni, na akiyaona meno yake ndani ya chuma, alisema, “Imenolewa.” Wakerezaji wapya walioajiriwa baada ya mwaka ule hawakupata kujua kwamba palikuwa na kipimo kingine.

Mntambo alijua. Alijua siku ya kwanza, na alijua kila siku iliyofuata, maana mikono iliyozishika patasi juu ya ngozi kwa pumzi mia ilikuwa mikono yake.

Mara ya kwanza aliyosema ilikuwa kwenye karamu ya ile hati. Semboja alichinja mbuzi, wakaalikwa majirani, na bakuli la pilau lilipomfikia Mntambo, watu walinyamaza kumngojea, kwa kuwa karamu bila neno la mtani ni kama chakula bila chumvi.

“Binamu,” akasema, “nimezitazama patasi zako. Zimekuwa kama bwana harusi wa mjini: kichwa kinang’aa mafuta, lakini ukimpa jembe anauliza lishikwe upande gani.”

Watu walicheka mpaka bakuli likayumba. Semboja akajibu, huku akipangusa macho, “Na wewe u chura, binamu. Piga kelele, ng’ombe wanywe maji.” Wakacheka tena. Mntambo akapewa ini la mbuzi, sehemu ya heshima, akalila. Lilikuwa tamu.

Miaka ikaenda. Sakafu ya karakana ikabadilika rangi. Wanawake wa makapu waliendelea kufika, kisha wakapungua, kisha akabaki mmoja, mjane mwenye ulimi, ambaye siku moja aliinama, akachota vumbi kwa kiganja, akaliacha lipeperuke. “Mafundi,” akauliza, “siku hizi mnakereza au mnatwanga?” Hakurudi tena. Wakerezaji wakaanza kukohoa. Miti ilitoka mashineni ikiwa na nyuzinyuzi kama shuka lililoraruliwa, nao wakaisugua kwa msasa siku nzima mpaka ikawa laini, na kwa kuwa ilikuwa laini, wateja hawakulalamika. Kilichoongezeka ni nguvu. Mahali ambapo zamani mtu aliisogeza patasi kwa vidole viwili, sasa aliisukuma kwa bega. Na mti unaosukumwa kwa bega, huku ukizunguka mara elfu kwa dakika, haukai daima mahali ulipobanwa. Mwaka 1960 mguu wa meza uliruka ukavunja dirisha. Waliiita ajali, wakaweka kioo kipya.

Mara ya pili aliyosema ilikuwa Jumanne, tarehe 14 Februari 1961, asubuhi, kabla ya injini kuwashwa. Alimkuta Semboja peke yake akifungua milango. Alikuwa amejiandaa njia nzima, na uso wake haukuwa na tabasamu.

“Semboja, leo sitanii. Patasi hazikati. Zinateleza, watu wanasukuma. Siku moja gogo litaruka, na halitapiga dirisha.”

Semboja alimkazia macho kitambo. Kisha akapiga makofi, akaita nje, “Jamani, njooni upesi! Mtani leo kavaa uso wa hakimu!”

Wakerezaji waliingia mbio, wanne, watano, meno yakiwa tayari. Walimzunguka, wakamngojea. Na Mntambo, alipowaona wamemngojea, alihisi pembe za mdomo wake zikisogea zenyewe. Maneno yaliyokuwa ya kweli yalikuwa bado kinywani, lakini yalikuwa mazito, na yale mengine yalikuwa mepesi. Akasema, “Msiniamini mimi, mngojeeni hakimu mwenyewe. Huyu mliyemwona ni karani wake, na tena amelewa.” Kicheko kilitikisa mabati. Semboja alimkumbatia, akawaambia watu, “Huyu siku akifa, sisi tutakuwa tumekufa kwa kununa.” Kisha injini ikawashwa, na Mntambo akaketi mbele ya gurudumu la ngozi, akapokea patasi ya kwanza.

Semboja alikuwa na mwana aliyeitwa Mhando. Mwaka 1963 alikuwa na miaka ishirini na tisa, baba wa watoto wawili, na mkono wake ulikuwa bora kuliko mkono wa baba yake. Karakana ingekuwa yake. Hilo lilijulikana mjini kote. Ndiye peke yake aliyesoma hadi darasa la nane, na ndiye aliyesoma kwa sauti kila karatasi iliyoingia pale, kwa kuwa alikuwa na sauti nzuri, ya kifua, iliyomfanya hata msemaji mbaya aonekane ana busara. Mntambo alimpenda kama mwanawe. Kila gogo lilipoyumba mashineni, hakutazama gogo, alimtazama Mhando.

Kwa ajili yake ndipo aliposema mara ya tatu, na mara hii aliamua kuandika. Aliona kwamba mdomo wake umeharibika kwa kucheka, lakini karatasi haina meno. Barua ile ilikuwa ya tarehe 9 Septemba 1963. Mistari yake mitatu ya kwanza ilikuwa hivi: “Patasi zote kumi na mbili ni butu. Mimi mnoaji ndiye ninayeziharibu kwa amri yako, kwa kuziacha juu ya ngozi. Zisiporudishwa kwenye kinoo, mtu atakufa, na huenda akawa Mhando.” Hapo alipumzika, akaisoma. Na aliposoma aliyoyaandika, yakiwa uchi vile, aliogopa. Aliogopa kwamba Semboja angeyaamini, angekasirika, angemuuliza kwa nini alikubali miaka sita. Mtu akichekwa hula pilau. Mtu akiaminiwa huulizwa maswali. Basi akachovya kalamu tena, akaongeza chini yake: “Nabaki, kwa heshima na taadhima, mtumishi wako mtiifu, Waziri wa Makali Yaliyopotea.” Akaikunja.

Mhando aliisoma mbele ya wote, amesimama juu ya kigoda. Alisoma mistari mitatu ya kwanza kwa sauti yake ya kifua, na kwa muda mfupi karakana ilikuwa kimya kabisa, kimya ambacho hakikupata kuwamo humo tangu ilipofunguliwa. Kisha akalifikia lile jina la Waziri. Kimya kikapasuka. Watu walishikana mabega. Semboja alicheka mpaka akaketi chini, akaagiza barua iwekwe katika fremu na itundikwe ukutani kando ya hati. “Mtani wa midomo tunao wengi,” alisema. “Mtani wa kalamu ni huyu peke yake.”

Jioni ile, wenzake walipokwisha ondoka, Mhando alirudi. Alimkuta Mntambo akilipaka gurudumu mafuta ya nyonyo. Alisimama karibu naye kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini ambayo haikuwa ya kusomea barua.

“Baba mdogo, ile barua ilikuwa ya utani?”

Hakuna aliyekuwapo ila wao wawili. Hapakuwa na meno ya kumngojea, wala pilau, wala ini la mbuzi. Kinoo kilikuwa chini ya benchi, hatua mbili tu kutoka miguuni pao, na mtu angeinama akakivuta kwa mkono mmoja. Mntambo aliendelea kupaka mafuta. Alipolimaliza gurudumu mzunguko mzima, alisema:

“Mwanangu, mtani akiulizwa kama anatania, ajibu nini?”

Mhando alicheka, kwa kuwa lilikuwa jibu zuri. Akamtakia usiku mwema, akaenda kwa mkewe na wanawe.

Mwanzoni mwa mwaka 1964 ikaja kazi kubwa. Ukumbi mpya wa mji ulihitaji ngazi, na ngazi ilihitaji nguzo mbili kuu za mpingo, moja kila upande. Mpingo haubembelezeki. Mninga na mvule huvumilia patasi butu kwa kunung’unika, mpingo hauvumilii. Gogo la kwanza lilibanwa mashineni siku ya Alhamisi, tarehe 19 Machi. Asubuhi ile Mntambo aliinoa patasi pana ya Mhando kwa pumzi mia tatu, kwa sababu alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu hufanya zaidi lile alilolizoea. Ilitoka ikiwa kioo. Mhando alijitazama ndani yake, akasema, “Ahsante, baba mdogo, leo hata mpingo utaona haya,” akaenda.

Patasi ilipanda juu ya mpingo ikateleza. Mhando akaisukuma. Ikateleza tena, ikitoa vumbi jeusi. Akaweka bega. Ukingo ule wa mviringo ulikataa kuingia, ukakataa, kisha ghafla ukajikita wote kwa pamoja mahali palipo na kifundo, na gogo likaziruka ncha zote mbili. Lilimpiga chini ya kifua. Alianguka juu ya vumbi. Walimlaza kwenye mlango ulioondolewa bawabani ili wamchukue hospitali, lakini walipofika kwenye reli gari la moshi lilikuwa limesimama njiani, nao wakangoja kwa dakika nane, na kabla dakika hizo hazijaisha walikuwa hawana tena sababu ya kuvuka.

Alizikwa Ijumaa. Matanga yakakaa siku tatu, na katika siku hizo zote watu walimtazama Mntambo. Hawakumtazama kwa lawama. Walimtazama kwa haja. Yeye alikuwa mtani, na msiba ulikuwa mzito kupita kiasi, na palihitajika mtu wa kuutoboa ili pumzi ipite. Ilikuwa haki yao, na ilikuwa wajibu wake. Yeye alikaa pembeni mwa jamvi, ameshika magoti, hakufungua kinywa. Wazee walinong’onezana kwamba kifo hiki kimemnyang’anya hata mtani maneno, na wakauona huo kuwa upendo mkubwa.

Jumapili, tarehe 22 Machi, jamvi lilipokuwa likikaribia kukunjwa, Semboja aliinua kichwa. Macho yake yalikuwa yamekauka. Alizungusha uso wake juu ya watu wote, polepole, mpaka ukafika pembeni mwa jamvi, ukasimama hapo.

“Binamu,” akasema, “mbona hukuniambia?”

Mzee mmoja aliyekaa karibu, akidhani kwamba hatimaye utani umeanza, na kwamba mfiwa mwenyewe kwa ukarimu wake ameufungulia mlango, alicheka kidogo, kwa heshima. Wawili watatu wakamfuata. Mntambo akafungua kinywa. Alikuwa na majibu mawili. Moja lilikuwa kweli, nalo lilikuwa na tarehe tatu. La pili lilikuwa mzaha, nao ulikuwa mzuri, na kwa uovu wa mazoea ndio uliofika mbele ya meno yake. Akakifumba kinywa chake juu ya yote mawili, akainuka, akavaa viatu vyake, akatoka. Nyuma yake vicheko vile vichache vikafa, na hakuna aliyejua kama yafaa kulia tena.

Karakana ilifungwa kabla mwaka haujaisha. Semboja aliishi hadi tarehe 2 Novemba 1971, na kwa kila mtu aliyeketi naye alisema, na aliapa, kwamba katika watu wote waliokula chakula chake hapakuwa na hata mmoja aliyemwonya. Mntambo aliishi miaka minne baada yake, katika mji mwingine, akinoa visu vya wachinjaji kwenye kinoo, na yeye naye aliapa, kwa kila aliyeketi naye, kwamba alimwonya mara tatu, na kwamba mara ya tatu ilikuwa kwa maandishi. Wote wawili walikufa wakiamini kwamba wamesema kweli. Walizikwa katika makaburi ya ukoo, kama desturi itakavyo, mtoto wa shangazi upande mmoja na mtoto wa mjomba upande wa pili, na Mhando katikati yao.

Ninyi mlioketi hapa, ninyi mnaosema kwa ruhusa na ninyi mnaosikiliza kwa kicheko, nijibuni: mtu yule aliambiwa, au hakuambiwa?